Gobori Likishindiliwa Mara Mbili: Skrubu, Gesi, Grisi au Kufungua Kizibo?

Watu huuliza kifaa kipi kinafaa kununuliwa kwa ajili ya kutoa shindilio, yaani baruti na risasi iliyokaa juu yake, lililokwama ndani ya gobori, bunduki inayojazwa kwa mdomoni. Swali ni zuri, ila lina jingine mbele yake: ndani ya mtutu kuna nini hasa? Kifaa kinachotoa salama risasi moja isiyo na baruti kinaweza kuwa hatari kubwa mbele ya mashindilio mawili yaliyopandana. Kwa hiyo tunaanza na mdeki, ile fimbo ya kushindilia.

Chukua bunduki ya kaliba .50, kipimo kinachopendwa sana na wawindaji na walenga shabaha wa magobori huko Marekani. Upana wa ndani wa mtutu ni milimita 12.7. Greni 70 za baruti nyeusi ya daraja la FFg, yaani kama gramu 4.5, hujaza takriban sentimita 3.6 za mtutu huo. Juu yake hukaa kitambaa chenye mafuta na risasi ya duara ya inchi .490, ambayo kimo chake ni kama milimita 12.5. Shindilio zima basi huchukua karibu sentimita 5.

Hesabu hiyo ndogo ndiyo inayosoma mtutu. Kwanza ondoa fataki, kile kikofia kidogo kinacholipuka na kuwasha baruti, au kama ni bunduki ya gumegume, inayowashwa kwa cheche za jiwe, mwaga baruti ya kisahani. Elekeza mdomo wa bunduki pasipo na mtu, shusha mdeki taratibu mpaka ugote, ushike kwa vidole viwili ubavuni pale unapotokea, kisha uuchomoe na kuupima dhidi ya alama ya mtutu mtupu, yaani mstari uliouchonga kwenye mdeki mtutu ukiwa hauna kitu. Ukipungua sentimita 1 na kidogo, kuna risasi kavu, isiyo na baruti. Ukipungua 5, ni shindilio moja la kawaida. Ukipungua 6 na kidogo, baruti ni kipimo kimoja lakini risasi ni mbili. Ukipungua 8 na nusu hivi, baruti imemiminwa mara mbili kwa risasi moja. Ukipungua 10, mashindilio mawili kamili yamepandana. Namba zozote za katikati zisizoeleweka, hasa kati ya 5 na 8, zinaweza pia kumaanisha risasi iliyokwama juu bila kufika kwenye baruti. Hiyo peke yake inatosha kuvimbisha au kupasua mtutu hata kama baruti haikuzidi.

Mwenye kutumia kaliba nyingine au kipimo kingine apige hesabu yake akiwa nyumbani, aiandike, aibandike ndani ya kifuniko cha sanduku la vifaa. Na asitegemee kulinganisha mdeki na mahali kilipo kifa, kile kichuchu chenye tundu kinachokaliwa na fataki, kwa nje. Magobori mengi yana chumba chembamba huko nyuma ambacho kichwa cha mdeki hakiingii, hivyo mdeki hugota mapema hata mtutu ukiwa mtupu. Alama uliyoichonga mwenyewe kwenye mdeki wako, mtutu ukiwa safi na mtupu, ndiyo ya kuaminiwa.

Kinga: ipi inashika kweli?

Shindilio la pili huingia kwa njia chache zinazojulikana. Mpigaji anasemeshwa katikati ya kushindilia. Au fataki inalia, baruti haiwaki, na kwa sababu jirani amefyatua wakati huohuo, mtu anaamini bunduki yake imetoa risasi. Au gobori lililoshindiliwa jana kwa ajili ya mawindo linawekwa kwenye kasha, kisha linachukuliwa na mtu mwingine. Katika majimbo kadhaa ya Marekani, gobori lililoondolewa fataki huhesabiwa kisheria kuwa halijajazwa, kwa hiyo si ajabu kukuta bunduki iliyolala usiku mzima na baruti na risasi tumboni.

Mfano mkubwa unaotajwa ni wa Gettysburg, Julai 1863. Kati ya bunduki zaidi ya 27,000 zilizookotwa uwanjani baada ya mapigano, karibu 24,000 ziliripotiwa kuwa bado zimejazwa. Kiasi cha nusu ya hizo zilikuwa na mashindilio mawili, maelfu mengine zaidi ya hapo, na moja ilikuwa na 23. Wengi wa wenye bunduki hizo walikuwa askari waliofundishwa kushindilia kwa hatua za kuhesabu. Kelele, moshi na hofu vilifuta hesabu. Ndiyo maana kinga inayotegemea kumbukumbu peke yake tunaiweka mwisho.

Kinga ya kwanza kwa ubora ni alama mbili kwenye mdeki: moja ya mtutu mtupu, ya pili ya shindilio lako la kawaida likiwa limekaa vizuri. Chonga mstari mwembamba kuzunguka mti, usiwe wa kalamu, maana mafuta huufuta. Mdeki ushuke kabla ya kumimina baruti, kila mara, na ushuke tena baada ya kukaza risasi. Inachukua sekunde chache. Inagundua makosa yote tuliyoyataja hapo juu, ikiwemo risasi iliyoishia njiani. Udhaifu wake ni mmoja: ukibadili kipimo cha baruti au aina ya risasi, alama ya pili inadanganya. Chonga nyingine, na ile ya zamani uijaze nta au uisugue kwa msasa mpaka ipotee.

Ya pili ni vichupa vilivyopimwa kabla, kila kimoja na baruti upande mmoja na risasi upande wa pili. Ukienda uwanjani na vichupa 10 na umefyatua mara 4, mezani vinapaswa kubaki 6. Vikibaki 5, kuna shindilio ambalo halikutoka. Njia hii ni nzuri mno kwa uzuiaji wa baruti mara mbili, kwa sababu hakuna kipimo cha kurudia kujaza kwenye pembe ya baruti. Vilevile inaepusha kosa la kumimina moja kwa moja kutoka kwenye pembe au chupa kubwa, ambapo kaa dogo lililobaki mtutuni laweza kulipua akiba yote mkononi. Lakini vichupa havioni risasi iliyokwama katikati. Kwa hiyo ni mwenza wa mdeki, si mbadala wake.

Kibandiko cha kufunga kwenye kilinzi cha kifyatulio, chenye maandishi TUPU upande mmoja na IMESHINDILIWA upande wa pili, kinasaidia nyumbani na kambini. Kwenye mstari wa kulenga shabaha kinasahaulika haraka. Na lile zoezi la kudondosha mdeki wa chuma na kusikiliza kama unalia “ting” juu ya chuma au “pu” juu ya risasi ni la kukuamsha tu. Mtutu mchafu unaweza kulia kama wenye risasi.

Kuna kawaida moja ambayo haina chombo, na tunaipenda: ukishamimina baruti, usijibu salamu ya mtu mpaka risasi ikae na mdeki urudi mahali pake. Anayekusemesha atangoja. Ukikatizwa kwa lazima, usiendelee kwa kukisia. Pima kwa mdeki, uanze na unachokiona.

Fataki imelia, bunduki haikutoa

Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa, basi tusikimbie. Mdomo wa bunduki ubaki umeelekea kwenye shabaha kwa dakika moja kamili. Mbili ni bora. Baruti huweza kuchelewa kuwaka. Baada ya hapo badilisha fataki na ujaribu tena, mara moja au mbili. Ikikataa, safisha kifa kwa waya mwembamba, ujaribu tena. Usimimine chochote mdomoni mwa mtutu katika hatua hii. Mtu anayemimina baruti “ya kusaidia” kwa mbele hasaidii kitu. Anajenga shindilio la pili.

Mdeki ukionyesha risasi kavu pekee, yaani pengo la sentimita 1 na kidogo, kuna njia ya kuifyatua: fungua kifa, tia greni 5 hadi 10 za baruti laini ya FFFg kupitia tundu lake, rudisha kifa, kandamiza risasi kwa mdeki ili isiwe imesogea, kisha fyatua kuelekea kwenye kinga ya udongo. Ni halali kwa risasi moja kavu, iliyothibitishwa kwa kipimo. Ikiwa kuna shaka yoyote ya shindilio la pili, njia hii ifutwe kabisa. Risasi mbili zenye nafasi kati yake hugeuza hewa na gesi ya katikati kuwa nyundo: mtutu huvimba pale ilipo risasi ya juu, au hupasuka, au kifa hung’oka na kuruka usoni mwa mpigaji. Kufyatua ili kutoa mashindilio mawili si mojawapo ya machaguo ya makala hii.

Kabla ya kifaa chochote: maji

Njia zote nne zinaanza hivi. Ondoa fataki, fungua kifa kwa spana yake, na kwa sindano ya plastiki isiyo na ncha ingiza mililita 10 hadi 20 za maji kupitia tundu. Acha nusu saa. Kwa gumegume ingizia kwenye tundu la moto ubavuni, kipande cha jiwe kikiwa kimetolewa kwenye taya za nyundo.

Sasa jambo ambalo wengi hawalifikirii. Mashindilio yakiwa mawili, maji hayo yanafikia baruti ya chini tu. Baruti ya juu imefungiwa kati ya risasi mbili zenye vitambaa vya mafuta, na inabaki kavu kabisa. Kwa hiyo usijione umemaliza hatari. Na baruti nyeusi iliyolowa si baruti iliyokufa: chumvi yake ya shura ikibaki ndani na maji yakikauka, inaweza kuwaka tena. Kazi ikianza leo imalizike leo.

Skrubu ya kutolea risasi

Hii ndiyo ya zamani kuliko zote, na ni rahisi kubeba: skrubu yenye ncha kali inayofungwa kwenye mdeki wa chuma, ikiwa na kola ya shaba ya njano inayoiweka katikati ili isichubue mtutu. Unaigonga kidogo iume, unaizungusha kulia ikizama ndani ya risasi, kisha unavuta.

Ubora wake wote unategemea ulaini wa madini. Kiswahili kinaita risasi yenyewe kwa jina la madini yake, na kwa gobori jina hilo ni sahihi: risasi laini, safi, hushika skrubu vizuri. Iliyochanganywa na antimoni, kama ile inayoyeyushwa kutoka kwenye vipande vya kusawazishia magurudumu ya magari, huikataa skrubu au hubomoka. Risasi ndefu yenye ganda la shaba iliyokaa ndani ya kikombe cha plastiki ni karibu haiwezekani.

Huharibika hivi. Mdeki wa mti wenye kichwa kilichogandishwa kwa gundi tu huachia kichwa na skrubu humo humo, na sasa una tatizo la tatu. Kichwa lazima kiwe na pini iliyopita mti na kutokea upande wa pili. Hesi nazo zilingane: ncha nyingi za mideki ya Kimarekani zina hesi za kipimo cha 8-32 au 10-32, na inayokaribiana bila kuwa sawa hushika mizunguko miwili halafu hung’oka wakati wa kuvuta. Skrubu ndefu kuliko risasi hutoboa mpaka kwenye baruti, na kwenye shindilio la juu lililobaki kavu hicho ni chuma kinachosugua ndani ya baruti. Chagua fupi, chini ya milimita 12 kwa kaliba .50.

Wakati wa kuvuta, usikae mbele ya mdomo. Funga mkono wa mdeki kwa kamba imara kwenye mti, au ubane mdeki kwenye jiliwa, kisha uvute bunduki kuja nyuma ukiwa ubavuni mwake. Matone machache ya mafuta mepesi juu ya risasi hupunguza kazi. Risasi ya juu ikitoka, inamisha mtutu na kumwaga baruti kavu kwenye ndoo ya maji kabla ya kugusa ya pili, halafu tia maji kwa mdomoni na kurudia.

Gesi

Kifaa hiki hutumia kichupa cha gramu 12 cha kaboni dayoksaidi, kilekile cha bunduki za upepo. Unaegemeza kinywa chake kwenye kifa kilichorudishwa mahali pake, unafungulia, na shindilio linatoka kwa mbele. Gesi hii haiwashi baruti na ni ya baridi. Kwa shindilio moja la kawaida mwishoni mwa siku ya mawindo, hakuna njia ya haraka zaidi, na haichafui.

Kwa mawili tunasitasita. Joto likiwa nyuzi 20, msukumo ndani ya kichupa ni kama bar 57. Kwenye nyuzi 0 unashuka mpaka karibu bar 35. Msimu wa magobori katika majimbo mengi ya Marekani huangukia kwenye baridi, na mashindilio mawili yana msuguano maradufu. Mara nyingi gesi hupenya pembeni ya kifa na kuisha, au husogeza shindilio la chini sentimita kadhaa na kuliacha hapo. Sasa una mianya mtutuni ambayo hukuwa nayo mwanzo. Kwenye gumegume hali ni ngumu zaidi, kwani tundu la ubavuni halizibiki vizuri. Jaribu kichupa kimoja, kisipotosha, acha.

Na isichukuliwe kama mchezo: risasi ya gramu 11 inayosukumwa na gesi hiyo hutoka kwa kasi ya kujeruhi, na baruti hurushwa nyuma yake kama vumbi. Elekeza kwenye kinga ya udongo, nje ya nyumba, mbali na sigara na jiko.

Grisi

Kwa gobori la fataki lenye mashindilio mawili, hili ndilo chaguo letu, na tunalisema bila kuzungukazunguka.

Kifa kikitoka, mahali pake hufungwa kile kichwa kidogo cha kupokelea grisi kinachotumika kwenye viungo vya magari. Magobori mengi ya Kimarekani yana hesi ya 1/4-28 kwenye kifa, na vichwa vya grisi vya kipimo hichohicho vinauzwa kwenye maduka ya vipuri. Magobori ya Ulaya mara nyingi ni ya milimita 6, basi pima kabla hujalazimisha. Kaza mpaka mizunguko yote ya hesi iingie. Unganisha pampu ya grisi ya mkono na uanze kukandamiza.

Uzuri wake uko hapa: grisi haibanwi kama gesi. Haina nguvu ya kujikusanya na kuachia ghafla. Kila mkandamizo hutoa karibu gramu 1, na risasi husogea sehemu hiyo tu, kidogo kidogo, mpaka mdomoni. Ukiacha kupampu, inasimama. Risasi ziwe mbili au tano, laini au ngumu, zenye ganda au kikombe cha plastiki, zote hutii. Na baruti ya chini inazamishwa ndani ya grisi huku ikisukumwa.

Kwa mtutu wa inchi 28 wa kaliba .50 andaa gramu 80 hivi za grisi, yaani mikandamizo 80 hadi 100. Kopo la kawaida la gramu 400 linatosha mara kadhaa. Weka gunia la matambara mbele ya mdomo, na ukae ubavuni hata kama mwendo ni wa konokono. Risasi ya juu ikidondoka, baruti kavu iliyoifuata iangukie majini. Grisi ikivuja kwenye hesi, simama, fungua, kaza upya.

Gharama yake ni usafi. Mtutu utahitaji vitambaa vingi, kiyeyushi cha grisi, kisha maji ya moto na sabuni, na mwisho mafuta. Saa nzima ya kazi. Gumegume ambayo tundu lake la moto limetengenezwa kwa kipande cha kufungua kwa skrubu inaweza kutumia njia hii pia. Isiyo nacho itabaki na skrubu ya kutolea risasi, au fundi.

Kufungua kizibo cha nyuma

Magobori ya kisasa ambayo kiwashio chake, kwa kawaida aina ya 209, kimekaa moja kwa moja nyuma ya mtutu yameundwa kizibo kifunguke. Kwa hayo usihangaike na grisi. Ondoa kiwashio, mwagia maji, fungua kizibo kwa spana yake, baruti au vidonge vyake vitoke nyuma, halafu sukuma risasi kwa fimbo kutoka mdomoni kuelekea nyuma. Safari ni ya sentimita chache tu. Kikikataa kwa sababu hakikupakwa mafuta ya hesi msimu uliopita, usikigonge. Mpelekee fundi bunduki na umwambie mlangoni, kabla hajaishika, kwamba imejazwa.

Kwa magobori ya mtindo wa zamani, hapana kabisa. Kizibo chao kilikazwa kiwandani kisifunguliwe, na kukilegeza kunahitaji jiliwa kubwa, nguvu nyingi, na wengine hufikia kupasha moto. Moto kwenye mtutu wenye baruti ni kifo. Hilo linahusu pia magobori ya kuchongwa kienyeji yanayopatikana vijijini Tanzania na kwingineko, ambayo hakuna anayejua mtutu wake ulitokana na bomba gani. Lililojazwa lisiguswe wala kujaribiwa. Litolewe taarifa polisi.

Baada ya kutoka

Hesabu ulichotoa: risasi ngapi, vitambaa vingapi. Shusha mdeki tena mpaka alama ya mtutu mtupu ikae sawasawa mdomoni. Pitisha kitambaa kinachobana kidogo kutoka mwanzo hadi mwisho. Mahali kinapolegea ghafla kisha kubana tena, mtutu umevimba kwa ndani, na bunduki hiyo haifyatuliwi mpaka fundi wa silaha aione. Kagua hesi za kifa kwa mwanga mkali. Kausha, paka mafuta, na kabla ya kumimina baruti tena, lipua fataki moja kwenye kifa, mtutu ukiwa mtupu na umeuelekeza kwenye jani la nyasi chini. Jani likitikisika, njia ya moto iko wazi.